Barua kwa Mwanangu: Fizikia Yako na Sikio la Ndani

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama mtu aliyesoma fizikia bado anaweza kuingia kwenye utafiti wa molekuli za usikivu, au ameshaachwa nyuma na waliosoma jeni tangu mwanzo. Hujaachwa. Nimeifanya kazi hii, na fizikia yako tunaihitaji.

Georg von Békésy, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kueleza mwendo wa mawimbi ndani ya koklea (sehemu ya sikio la ndani iliyojisokota kama konokono), alikuwa mwanafizikia wa maabara ya simu huko Hungaria. James Hudspeth alisomea udaktari, lakini alichokiuliza kilikuwa fizikia tupu: seli yenye vinyweleo inageuzaje mtikisiko kuwa umeme? Alipima kwenye sikio la chura, naye Robert Fettiplace kwenye la kasa. Ilionekana kwamba milango ya ioni, chembe zenye chaji ya umeme, hufunguka upesi mno, hata hapana nafasi ya kemikali kupelekeana habari. Lazima kitu kiivute moja kwa moja. Hoja hiyo ilitoka kwenye vipimo, kabla molekuli yenyewe haijajulikana, na mpaka leo naistaajabia.

Christine Petit, mtaalamu wa jeni, alipitia kwingine. Koklea moja ina seli hizi zenye vinyweleo 16,000 hivi tu, ilhali jicho lina seli za kupokea mwanga zaidi ya milioni 100. Protini za kuchunguza hazitoshi. Yeye na wenzake wakaanza na familia zenye uziwi wa kurithi, zikiwemo za Tunisia, wakiitafuta kwanza jeni yenye hitilafu. Mwaka 2018 Hudspeth, Fettiplace na Petit walipewa pamoja Tuzo ya Kavli ya sayansi ya neva.

Mimi naihofia haraka yako tu. Jeni ya TMC1, ambayo hitilafu yake huleta uziwi, ilitambuliwa mwaka 2002. Ushahidi mzito kwamba protini yake ndiyo tundu la kupitisha ioni ulitoka 2018. Katikati hapo wapo waliomaliza uzamivu bila jibu, na kazi yao ilikuwa ya lazima. Lakini jeni ya otofelini, protini inayoziwezesha seli hizo kupeleka habari kwenye neva, iliyojulikana 1999, sasa inaingizwa masikioni mwa watoto waliozaliwa viziwi kwa hitilafu yake, na wengi wameanza kusikia.

Jenetiki utaifunza maabarani, ukikaa na wanaoijua. Msimamizi mchague kwa swali lake, na uwaulize wanafunzi wake wa zamani jinsi alivyowatendea majaribio yalipokwama. Niandikie majina ya maabara unazozifikiria kabla hujampa yeyote jibu.

Mama yako