TRV2 tupu siyo kontroli, achana nayo

Mkuu, usichome sindano hata jani moja kwanza. Unasema umeweka kipande cha besi 400 cha jeni yako ndani ya TRV2 (plasmidi, yaani duara la DNA, lenye sehemu ya pili ya kirusi cha mimea TRV) ili uinyamazishe kwenye benthamiana (mmea wa jamii ya tumbaku), unataka kupima urefu wa mimea, na kontroli yako, yaani kundi la kulinganishia, ni TRV2 tupu, isiyo na kipande. Halafu unauliza OD (kipimo cha wingi wa bakteria) iwe ngapi, aina gani ya Agrobakteria (bakteria wanaoingiza kirusi kwenye jani) na joto kiasi gani. Hayo yatasubiri. Hiyo kontroli ndiyo itakayokumaliza.

Kwenye benthamiana, TRV isiyobeba kipande chochote huugulisha mmea kuliko iliyobeba. Utaona majani mapya ya juu yamejikunja, shina limedumaa, sehemu nyingine zimekauka na kuwa kahawia, na mmea mwingine unakufa kabisa. Pembeni yake mimea yenye jeni yako imesimama vizuri. Utapima, utakuta imezidi kontroli kwa urefu, utaandika kwamba jeni hiyo huzuia ukuaji. Uongo mtupu! Ulicholinganisha ni ugonjwa mkali na ugonjwa mwepesi, jeni haijasema lolote. Uzito, muda wa kutoa maua, jeni za kinga, vyote vinayumbishwa na kirusi. Na usidhani kuongeza mimea kutoka 10 hadi 30 kutakuokoa: kosa ni lile lile, ila sasa takwimu zinalipigia saluti.

Kinachowapumbaza watu ni PDS, jeni ambayo ikinyamazishwa jani hupoteza rangi. Majani yakigeuka meupe wanashangilia kwamba jaribio liko sawa. Weupe ule unakuambia kirusi kimesambaa na unyamazishaji unafanya kazi, basi. Hauidhinishi kontroli yako.

Nakasirishwa sana na zile karatasi za maelekezo zinazotolewa kopi kutoka maabara hadi maabara, zina mstari mmoja tu: "kontroli: TRV2 tupu". Hakuna sababu, hakuna onyo. Anayepewa hahoji, naye anamgawia mwanafunzi anayefuata, na msimu mzima wa mimea unaishia jalalani.

Kila kirusi kwenye jaribio lako lazima kibebe kipande. Kwa kontroli weka kipande cha GFP (jeni ya protini inayong'aa kijani, ambayo mmea wa kawaida hauna) chenye urefu ule ule, 400 kwa 400. Kagua kwamba hakuna mfululizo wa besi 21 unaofanana na jeni ya mmea, kwa sababu mmea hukatakata RNA ya kirusi vipande vya kiasi hicho na kuvitumia kusaka RNA inayolingana navyo. Kama mbegu zako ni za 16c (ukoo wa benthamiana wa maabara), ambazo tayari zina GFP, tumia kipande cha GUS, jeni ya bakteria. Ongeza na kundi la mimea iliyochomwa bafa (kimiminika cha kuchanganyia bakteria) peke yake, ujue kirusi chenyewe kinapunguza urefu kiasi gani.

Tena kipande hakikai milele. Chukua jani la juu ambalo hukulichoma, toa RNA, tengeneza cDNA (nakala ya RNA hiyo katika DNA), kisha piga PCR (kuzidisha nakala za DNA) kwa praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili) za TRV2 zilizokaa pande zote mbili za kipande. Bendi (mstari wa DNA kwenye jeli) ikitoka fupi, kirusi kimeshakitupa, na mmea huo sasa ni TRV tupu. Utoe kwenye hesabu. Kontroli nazo zipimwe hivyo hivyo.

Kwenye qPCR (PCR ya kupima kiasi cha RNA ya jeni), angalau praima moja ikae nje ya zile besi 400. Zikiwa ndani zote mbili utahesabu RNA ya kirusi, na jeni uliyoinyamazisha itaonekana imepanda ajabu.

OD ya 1 inatosha, TRV1 (sehemu ya kwanza ya kirusi) na TRV2 nusu kwa nusu, nyuzi 20 hadi 22. Kipande cha GFP utakipata kwa PCR kutoka plasmidi yoyote ya GFP iliyopo kwenye friza yenu, ni kazi ya siku chache tu. Kitengeneze, kisome mfuatano wake, ndipo uoteshe mbegu.