Mteja amekataa nembo mara tano

Pole, ndugu. Unamchorea nembo mwenye duka la vitenge Eastleigh, Nairobi, michoro mitano ameikataa, na malipo bado. Usichore wa sita. Nenda ukae dukani nusu siku, usikie wateja wanaliitaje, upige picha mabango ya majirani. Mimi niliwahi kumchorea kinyozi herufi nyembamba, maridadi kweli. Zilipopanda juu ya mlango, ukiwa ng'ambo ya barabara husomi kitu. Ukitoka dukani, mwandikie mteja wako ukurasa mmoja wa ulichokiona. Akiukubali ndipo urudi kwenye kompyuta, nusu ya malipo ikiwa imeingia, marekebisho mawili tu. Akitaka kuisajili nembo, aulizie kwanza KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili alama za biashara, kama kuna inayofanana nayo. Ikizuka mizozo, hiyo ni kazi ya wakili.