Saa nzuri haipo, gawaneni usiku

Mkuu, umesema timu yako iko London, San Francisco na Singapore, unatafuta saa ya kikao cha kila wiki na kalenda inakugomea. Nimefanya kazi kwenye timu ya miji hiyohiyo mitatu, mimi nikiwa upande wa London. Acha kutafuta, hiyo saa haipo. Majira ya baridi, kwa kazi ya 9:00 hadi 17:00, London wakifunga, San Francisco ndiyo wanafungua. Hao wakifunga, Singapore wanaingia, tena siku ya pili yake. Ni walinzi wanaopokezana lindo.

Sisi tulianza vibaya. Tuliweka 15:00 UTC (saa ya pamoja ya dunia, isiyosogezwa mwaka mzima): London saa tisa alasiri, San Francisco saa moja asubuhi, Singapore saa tano usiku. Mwenzetu wa Singapore hakulalamika hata siku moja. Alianza kuzima kamera, akaacha kuchangia, mwishowe tukawa tunaamua mambo ya kitengo chake yeye yupo na hayupo. Tukasema ni mkimya. Kumbe anasinzia!

Kilichotuokoa ni zamu. Wiki hii 07:00 UTC, ijayo 15:00, inayofuata 23:00. Piga hesabu uone: kila mara mji mmoja uko saa moja asubuhi, wa pili saa tisa alasiri, wa tatu saa tano usiku. Kila mtu anakesha wiki moja kati ya tatu, bosi naye akiwemo. Kiangazi, London na San Francisco wakiwa wamesogeza saa zao mbele, tunarudisha ratiba nyuma kwa saa moja, maana bila hivyo San Francisco wangefika saa sita usiku. Hapo Singapore zamu yao ya asubuhi inakuwa saa kumi na mbili. Wananung'unika, na wana haki.

Siku ziwe Jumanne hadi Alhamisi tu. 23:00 UTC ya Ijumaa ni Jumamosi asubuhi Singapore, na 07:00 ya Jumatatu bado ni Jumapili usiku San Francisco.

Machi nayo ina balaa lake. Marekani wanasogeza saa mbele Jumapili ya pili, Uingereza wanangoja Jumapili ya mwisho, Singapore hawasogezi kabisa. Kwa wiki mbili tatu hivi, mwaliko uliofungwa kwenye saa za mji mmoja unawayumbisha wengine. Nimewahi kukaa kikaoni peke yangu karibu saa nzima kwa sababu hiyo. Andika UTC, na andika kwa tarakimu. Nilimwambia mwenzangu mmoja wa Kiswahili "saa tisa", akafungua kompyuta 9:00.

Ila faida kubwa ya zamu sikuitegemea. Bosi alipokesha mara ya pili, yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza kwa nini taarifa za maendeleo tusomeane kwa sauti usiku wakati zinaandikika. Nusu ya ajenda ikafa palepale. Sasa kila mji ukifunga kazi unaacha maandishi mafupi: tumefikia wapi, nini kimekwama, nani anangojwa. Kikao kimebaki kimoja kwa mwezi, cha mabishano tu, na zamu inaendelea. Aliyeko usiku anasema wa kwanza, akimaliza ruksa kwenda kulala.