Somoe mwanangu, kuhusu hicho chumba cha Mangamba

Voice yako nimeisikiliza mara tatu, ya tatu naanua nguo. Unauliza ulipe miezi sita kile chumba self cha Mangamba hapo Mtwara, 50,000 kwa mwezi na dalali anataka mwezi wake juu, au ushee na Zuhura kule Chikongola choo cha nje.

Mi nakuuliza, mwenye nyumba umemuona? Maana umenitajia tailizi, umenitajia luku ya peke yako, mwenye nyumba hata jina sijalisikia. Nishawaambia humu ndani mpaka mmechoka, hupangi chumba, unampanga mwenye nyumba. (Najua nyie kumpanga mtu ni kumdanganya, cheka ukimaliza urudi kwenye barua.)

Najua saivi vyumba shida. Vyuo vinafunguliwa na korosho nazo ndo zinaingia mnadani, mji huohuo upokee wanafunzi wa Stemuco, wa TIA, wa ualimu, na wanunuzi na madereva wa malori, hapo dalali akikwambia kuna mtu mwingine anakitaka inawezekana hata hadanganyi. Bumu lenyewe, hiyo hela ya mkopo ya kujikimu, 10,000 kwa siku na linakuja likijisikia, kodi inatakiwa kwa mkupuo. Naelewa.

Lakini we unakumbuka pale Magomeni, hapohapo Mtwara, kwa yule bibi? Mwaka 2012, maneno ya gesi yamepamba moto, wageni wa makampuni wanaingia kila siku, chumba cha 20,000 watu wanaulizia kwa 80,000. Sisi tulishalipa miezi sita, tumekaa miwili. Na dera lake la Idi nilimshonea mimi, sikuchukua hata mia. Basi nipo kwenye cherehani, anaingia na mwanaume kavaa rifleksa, hodi hakuna, yule mwanaume anatoa tepu anapima dirisha, na wewe una homa umelala mkekani, akakuruka. Nikamwambia kaka, mtoto harukwi, rudia ulipopita. Akacheka! Akamgeukia bibi, "hawa wanatoka lini?" Mbele yangu, nimeshika mkasi. Madaktari waseme watakavyo, we ndo mfupi kuliko wadogo zako wote na mi sababu naijua.

Hela akarudisha ya mwezi mmoja, mitatu ikabaki, 60,000, mpaka leo. Ningedai kwa kipi, ushahidi wangu ulikuwa ukurasa wa daftari lako la hesabu nilioandika mwenyewe, sahihi ya mtu hakuna.

Nae alikuwa mjane, bati linavuja, wajukuu wanne, anatokea mtu na kodi mara nne ya yako, utakataa? Mi ningekataa. Au sijui. Ila asingeingia mtu bila hodi, hilo naapa. Wageni walipoondoka chumba kikakaa kitupu, akanitumia salamu nirudi. Nilifurahi, astaghfirullah, nilifurahi wiki nzima. Sikwenda, tulishahamia huku Lindi kwa bibi yako.

Na huku nako ndo hivo hivo, hicho kiwanda cha gesi cha LNG cha Likong'o hakijajengwa, watu washapiga plasta vyumba wanasubiri wageni. Hata vile viwili vya uani baba yako anasema tuviache, mi nasema tuweke mwanafunzi, haipiti siku hatujagombana.

Sasa uende wapi, mi siamui, we mtu mzima. Kama ni Mangamba, kwanza nenda usiku saa mbili utembee kutoka barabarani mpaka mlangoni uone hiyo njia ikoje. Hela mpe mwenye nyumba mkononi, sio dalali, aandike, asaini, na mjumbe awepo. Akikataa kuandika ushapata jibu. Ila yule mama wa kwa kina Zuhura, siku ile unaumwa tunaongea kwenye simu, nilimsikia anakuita ukanywe uji, na we hata sio mpangaji wake. Sijasema kitu. Choo cha nje hakijawahi kuua mtu, lakini sijasema kitu.

Kuna 100,000 nakutumia jioni, baba yako asijue kwanza. Ming'oko nimempa konda wa kosta ya saa nane, ipo kwenye kindoo cheupe, mgawie na Zuhura. Kindoo nakitaka.

Mama