Ni baridi ya Uyole au ni viazi?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa mtoto wa miezi minne, niko Uyole hapa Mbeya, nina kibanda cha chipsi na viazi namenya mwenyewe, ndoo mbili kila asubuhi. Sasa mwezi wa pili huu kifundo cha mkono wa kulia kinauma upande wa kidole gumba, nikimnyanyua mtoto au nikikamua nepi nasikia kama nachomwa kisu, hata chupa ya chai siwezi kufungua. Mama mkwe anasema baridi imeniingia, ananichua na maji ya moto ya chumvi ila asubuhi ndo panavimba zaidi. Ni baridi yabisi kweli?

JIBU: Marahaba mama, hongera kwa mtoto. Baridi ya Uyole naijua, mwezi wa saba hata kunawa uso ni kazi, ila hapa tunaisingizia tu. Ulivyoeleza inafanana sana na kano kuvimba, yaani zile kamba zinazoshikisha msuli kwenye mfupa. Kuna kano mbili za kidole gumba zinapita pembeni ya kifundo ndani ya ala nyembamba, kama mfuko wa kisu, sasa gumba likifanya kitu kilekile kutwa nzima ile ala inanenepa, njia inabana, kano zinapita kwa kukwaruza. Ukiona wameandika de Quervain kwenye cheti usishtuke, ni jina la daktari wa Uswisi aliyeielezea 1895.

Jaribu hivi, taratibu: kunja gumba ndani ya ngumi, kisha inamisha ngumi upande wa kidole kidogo. Ukiruka kwa maumivu, basi huenda ndo yenyewe.

Viazi vimechangia, ila mi namshuku zaidi mtoto! Wamama wanaonyonyesha inawapata sana, maana unamshika kwapani magumba yametanuka unamnyanyua, mara ngapi kwa siku? Mzoe kwa chini, viganja vikiangalia juu, uzito ubaki kwenye mikono. Viazi tafuta mtu wa kumenya, nepi akamue baba yake. Kuchua acha kabisa kunaichokoza, weka kitambaa cha maji baridi dakika kumi hivi, na ukipata kifaa cha kufunga mkono kiwe kinashika na gumba, cha kifundo peke yake hakitoshi. Dawa ya maumivu usinunue kabla hujawaambia duka la dawa kwamba unanyonyesha, na kama una vidonda vya tumbo sema pia. Wiki nne mpaka sita bila nafuu nenda hospitali, kuna sindano inapigwa pale pale na wengi inawasaidia.

Ila kama uliangukia huo mkono, au pana moto na homa, usisubiri hizo wiki, nenda leo.