Wanapimaje kitu kinachotoweka papo hapo?
Unauliza wanasayansi watapimaje maada iliyobanwa mno, inayotoweka kabla hujapepesa jicho. Hawaipimi yenyewe, wanasoma vipande inavyorusha. Pale GSI, maabara ya fizikia iliyoko Darmstadt, Ujerumani, viini vya atomi za dhahabu hugonganishwa, na maada hubanwa hadi mara mbili au tatu ya msongamano wa kiini cha kawaida. Viini visipogongana katikati kabisa, pande zilizokwepana huziba njia kwa muda, hivyo maada iliyobanwa huchomoka juu na chini. Ikichomoka kwa nguvu, ujue ni ngumu kubanwa. Ugumu huohuo husaidia nyota ya nyutroni, masalia mazito ya nyota iliyokufa, isiporomoke. Ila usidhani mashine kubwa ndiyo bora: kwenye LHC, mashine kubwa ya kugonganisha chembe iliyoko CERN, viini hupenyana, katikati hubaki joto kali, protoni na antiprotoni (pacha zake zenye chaji kinyume) zikikaribia kulingana idadi, hali isiyofanana na ya ndani ya nyota hiyo.