Gari Linalokataa Kuwaka Mara Mojamoja: Kwa Vijana Wanaoanza Ufundi

Wiki hii nimemkuta mwanafunzi wa gereji yetu akifungua betri ya gari lililoingia likiwaka vizuri, kwa sababu tu mwenye gari alisema kwamba alfajiri lilikataa. Nilimsimamisha kabla hajalegeza terminali ya pili, kwa kuwa njia hiyo niliwahi kuipita, na aliyeumia alikuwa mteja.

1. Mhojini mwenye gari kabla ya kufungua boneti: lilikataa likiwa la baridi au limetoka safari, na stata (mota inayozungusha injini ili iwake) ilizunguka, ilipiga "ka" moja au ilinyamaza? Ikizunguka vizuri na injini isiwake, tafuteni kwenye mafuta, sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini) na moto wa plagi.

2. Pimeni wakati hitilafu ipo. Katika mwaka wangu wa tatu wa ufundi, mama mmoja mchuuzi wa samaki pale Feri, Dar es Salaam, aliniletea gari ambalo baadhi ya siku lilikataa kuwaka saa kumi na moja alfajiri. Bila kupima chochote nilimuuzia betri mpya. Baada ya siku nne alirudi, nikamfungia stata ya mtumba, gari likawaka papo hapo, nami nikamwambia limepona. Wiki iliyofuata alinipigia simu akiwa sokoni, barafu ikiyeyuka kwenye ndoo na gari kimya. Nilipofika nilimwomba azungushe ufunguo, na mkono wangu ulipogusa kebo ya eksileta niliuondoa haraka, kwani ilikuwa ya moto kama sufuria. Gamba lake la plastiki lilikuwa limeyeyuka, na alama hiyo nilikuwa nimeiona tangu siku ya kwanza nikadhani ni uchakavu.

Waya wa ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) kutoka kwenye injini hadi kwenye bodi ulikuwa umeoza chini ya nati, nyuzi zake za shaba zimegeuka kijani. Stata huvuta zaidi ya ampea 100, na umeme huo ulipokosa njia yake ulipita kwenye kebo ya eksileta; taa, ambazo huhitaji ampea chache tu, ziliendelea kung'aa na kunidanganya. Niliweka ncha moja ya mita ya umeme kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bloku ya injini, stata ikapigwa, nikasoma volti 4, mahali ambapo hata 0.5 ni nyingi. Msasa na waya mpya vilimaliza kazi. Pesa ya stata nilimrudishia kwa awamu mbili, lakini samaki walioharibika sikuweza kuwalipa.

3. Gari la otomatiki likikataa kwenye P (gia ya kuegesha), jaribuni N (gia huru); likiwaka, chunguzeni swichi ya gia.

4. Betri ikiwa nzima, ethi safi, umeme unafika kwenye solenoidi (swichi ya umeme iliyo kwenye stata) na stata inapiga "ka" moja tu, fungueni solenoidi mtazame vipande vya shaba vya ndani, kwa maana mara nyingi vimelika upande mmoja na vinabadilishwa bila kununua stata nzima.

Yule kijana nimemkabidhi mita yangu. Gari tumelilaza gereji, mwenyewe ameridhia, na kesho alfajiri, likiwa la baridi, tutapiga stata pamoja, yeye akiwa ameshika ncha zote mbili.